Kikundi cha Kusoma Vitabu cha Wanawake wa Usharika: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Bwana Yesu asifiwe.

Maswali tunayoulizwa ni yale yale: mlangoni baada ya ibada, ndani ya daladala, msibani tukimenya ndizi, na kwenye simu usiku watoto wakishalala. Mimi ndiye katibu wa kikundi tangu kilipoanza, kwa hiyo mengi yamepitia kwangu, nami nimeyajibu hapa kama ninavyomjibu mtu aliyekaa mbele yangu. Sisi ni wanawake wa usharika mmoja wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, hapa Moshi, lakini naamini mengi yatakufaa hata ukiwa mbali na mlima.

Kikundi hiki kinafanya nini hasa?

Tunasoma. Kila Alhamisi saa kumi jioni tunakaa kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, kile ambacho Jumapili hutumiwa na watoto. Siku nyingine tunakuwa kumi na wanne, siku nyingine kumi na wanane. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanafuatilia, na akichoka anampokeza wa pembeni yake. Sura ikiisha tunafunga kitabu tunazungumza. Kabla ya saa kumi na mbili tunaomba na kutawanyika, maana giza likiingia bodaboda wa kwenda Rau au Pasua hupandisha bei.

Hakuna mwalimu wala mgeni rasmi. Yupo mwenye zamu, na kazi yake ni kuja na maswali matatu na kuhakikisha asiyeongea amepewa nafasi.

Si tayari tuna Umoja wa Wanawake? Kwa nini kingine?

Wengi wetu tumo kwenye Umoja na hatujatoka. Ndio unaokwenda kwa wagonjwa, unaopika msibani, unaochangisha fedha za paa la kanisa. Wakatoliki wana WAWATA, chama cha wanawake wao, tangu mwaka 1972. Waanglikana wana Umoja wa Akina Mama, uliotokana na chama alichokianzisha Mary Sumner, mke wa mchungaji huko Uingereza, mwaka 1876. Vyama hivi vimebeba makanisa mabegani.

Ila kule mwanamke akifika anakuta kazi inamsubiri. Kuna sufuria, kuna daftari la michango, kuna sare ya kushona. Tulitaka saa mbili kwa wiki ambazo hakuna anayetudai chochote isipokuwa mawazo yetu. Wanaofuma vitambaa tumewaruhusu waje na sindano zao, kwa sababu wanasema wanasikia vizuri zaidi mikono ikitembea.

Ni lazima niwe Mlutheri?

Hapana. Tunao Wakatoliki wawili na mmoja wa Kanisa la Moravian aliyeolewa huku akitokea Mbeya. Maombi yetu ni ya kilutheri, na Tumwabudu Mungu Wetu ndicho kitabu tunachoimbia, lakini hakuna atakayekuuliza cheti cha ubatizo.

Kwa nini mnaanza kwa kutaja majina?

Hili huwashangaza wageni kuliko yote. Alhamisi ya kwanza ya mwezi, na kila anapoingia mgeni, kila mmoja hutaja jina lake mwenyewe. Anaacha Mama Fulani, anaacha mke wa mzee Fulani, anaacha hata mama mchungaji. Anataja jina la ubatizo na lile la nyumbani alilopewa na bibi yake.

Kuitwa kwa jina la mtoto wako ni heshima, nasi hatuidharau. Mimi mwenyewe nageuka haraka zaidi nikiitwa kwa jina la mwanangu. Lakini kuna jambo tuliloliona mwezi wa kwanza kabisa. Mama mmoja wa miaka sabini na kitu, ambaye usharika mzima unamjua kwa jina la kifunguamimba wake, zamu ilipomfikia alinyamaza. Tulidhani hajasikia. Akataja la ubatizo, kisha akakunja ncha ya kitenge chake, akaikunjua, akataja la Kichaga, kwa sauti ya chini. Akasema aliyemwita hivyo mara ya mwisho ni dada yake, na dada yake tulimzika miaka kumi na moja iliyopita. Hatukusoma siku ile. Tulimwomba alitaje tena, akalitaja, na mpaka leo tukiwa ndani ya chumba kile tunamwita hivyo.

Tangu hapo tukianza kitabu chochote cha Biblia tunaangalia ni mwanamke gani ametajwa kwa jina na nani hakutajwa. Mke wa Nuhu hana jina. Mke wa Lutu hana. Mkwewe Petro aliyeponywa homa akainuka kuwahudumia hana. Mwanamke Msamaria aliyezungumza na Yesu kisimani, mazungumzo marefu kiasi kile, hana. Ukishaanza kuliona jambo hili huwezi kuacha kuliona.

Sijaolewa. Nimeachika. Ni mjane. Sina mtoto. Nitakaa upande gani?

Tunakaa kwa duara, viti havina upande. Nakuelewa kwa nini unauliza, kwa sababu makanisani mwetu semina ya wanawake mara nyingi ni semina ya wake, na asiye mke huandika dondoo za maisha ambayo si yake.

Soma Ruthu 3:11. Boazi anamwambia Ruthu kwamba mji wote unajua yeye ni mwanamke mwema. Wakati anaambiwa hayo Ruthu ni mjane, ni mgeni kutoka Moabu, hana mtoto, na chakula chake ni masazo ya shamba la mtu mwingine. Harusi bado. Obedi, mwanawe, bado. Na neno la Kiebrania alilotumia Boazi ni lile lile linalotumika katika Mithali 31 kwa yule mke mwema tunayehubiriwa kila Siku ya Mama. Katika baadhi ya nakala za kale za Kiebrania kitabu cha Ruthu kinafuata mara tu baada ya Mithali: msomaji anamaliza kusikia swali la mke mwema, ni nani awezaye kumwona, anafunua ukurasa, anakutana na mjane wa Kimoabu.

Kwa hiyo usingoje hali yako ibadilike ndipo uje.

Huyo mke mwema wa Mithali 31: mtatuambia tuamke mapema zaidi?

Hapana, na hili nalijibu kwa kirefu kwa sababu limewachosha wanawake wengi.

Tulilisoma shairi lile kwa wiki nne. Nasema shairi, maana ndivyo lilivyo: beti 22 kuanzia mstari wa 10 hadi wa 31, na kila ubeti kwa Kiebrania unaanza na herufi inayofuata ya alfabeti yao, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Mshairi alikuwa anakusanya sifa zote kutoka mwanzo hadi mwisho wa herufi, kama anavyofanya mtunzi wetu wa pwani akipanga tenzi. Tukaulizana: je, kuna mtu aliwahi kuishi alfabeti nzima kwa siku moja? Wiki ile mama mmoja, muuza mboga soko la Mbuyuni, aliandika saa zake kwenye kipande cha karatasi tangu saa kumi alfajiri mpaka saa nne usiku, akatusomea. Hakuongeza neno. Hata mimi nilikuwa sijawahi kufikiri nani anapika chakula cha mtu anayetuuzia sukumawiki.

Halafu tukaona mengine. Mstari wa 15 unasema ana wajakazi. Tulihubiriwa kuamka kwake; wajakazi tulirukishwa. Mstari wa 16 unasema analiangalia shamba na kulinunua, kwa maana ana fedha mkononi na neno lake sokoni linatosha. Neno linalotafsiriwa "mwema" kwa Kiebrania ni neno la nguvu, linatumika kwingine kwa askari hodari na kwa watu wenye mali. Ukiweka Biblia ya 1952 ya Union Version pembeni ya Habari Njema ya 1996 utaona jinsi watafsiri walivyohangaika nalo.

Na mstari wa kwanza wa sura hiyo unasema haya ni mausia ambayo mfalme Lemueli alifundishwa na mama yake. Kwa hiyo ni mama anamwusia mwanawe wa kiume. Anamwonya kuhusu pombe, kwamba wafalme wasinywe mpaka wakasahau haki ya maskini. Jumla ya mahubiri niliyosikia ya Mithali 31 ni mengi, na ya pombe nakumbuka moja.

Mnasoma Biblia tu?

Tunapishanisha. Kitabu cha Biblia, kisha kingine.

Tulisoma utenzi wa Mwana Kupona, mwanamke wa Pate aliyeutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwusia binti yake. Ni utenzi wa Mwislamu, na wapo waliouliza unaingiaje kanisani. Tuliusoma mara tu baada ya Mithali 31 kwa makusudi: huku mama anamwusia mwana wa kiume, kule mama anamwusia binti. Mwana Kupona anamwambia binti amridhishe Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Wazee walitikisa vichwa kwa kukubali, mabinti wakauliza maswali magumu, na jioni ile nadhani ndiyo iliyotufanya kuwa kikundi.

Tulisoma pia *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, riwaya ya msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa fimbo, akafika shuleni bila kujua kujilinda. Ilipigwa marufuku kwa muda, baadaye ikaja kufundishwa mashuleni. Wawili kati yetu waliisoma sekondari wakitafuta majibu ya mtihani. Kuisoma tena ukiwa mama wa binti wa miaka kumi na mitano ni jambo lingine kabisa. Kama una msiba wa karibu au jeraha la aina hiyo, niambie mapema. Kuna sura tulizozisoma kwa kupumzika pumzika, na mmoja wetu alitoka nje akakaa chini ya mparachichi mpaka tulipomaliza.

Kwa nini kila mara mnarudia habari ya binti za Selofehadi?

Kwa sababu tuko Kilimanjaro, na kwa sababu ya kihamba.

Kwa asiyejua: kihamba ni ile ardhi ya ukoo yenye migomba na kahawa inayozunguka nyumba. Kwa mila yetu inapita kwa watoto wa kiume. Kifunguamimba ana sehemu yake na kitindamimba anabaki na nyumba ya wazazi. Binti anaolewa, anakwenda kwenye kihamba cha mumewe. Na kihambani ndiko tunakozikwa. Sasa fikiria dada aliyeachika, au aliyezeeka bila kuolewa. Swali linalomkosesha usingizi si la mahindi. Ni hili: nitazikwa wapi? Nimelisikia swali hilo kikundini mara nne, kwa wanawake wanne tofauti, na kila mara linasemwa kwa sauti ya chini kama aibu.

Katika Hesabu 27 wanasimama wasichana watano, binti za Selofehadi, mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, mlangoni pa hema. Baba yao amekufa jangwani, hana mwana wa kiume. Wanauliza kwa nini jina la baba yao lipotee kwa sababu hiyo, wanataka milki pamoja na ndugu za baba yao. Musa hakuwa na jibu, akapeleka shauri kwa Mungu. Na Mungu akasema wasichana wanasema kweli, wapewe. Sheria ikabadilika kwa ajili yao, na kwa ajili ya waliokuja baada yao.

Na majina yao yapo. Mala, Noa, Hogla, Milka, Tirsa. Hesabu 26, Hesabu 27, Hesabu 36, Yoshua 17: mara nne Biblia inawataja wote watano, mmoja mmoja. Tulipofika hapo mama yule wa jina la Kichaga aliomba yasomwe tena. Tukayasoma. Kisha mjane mmoja akasema jambo ambalo hakuwa amelisema kwa mtu. Mumewe alipokufa, yeye mjane alilazwa hospitali wiki mbili kwa presha, na aliporudi akakuta masale ya mpakani yamehamishwa. Mnajua sale, lile jani tunalopanda mpakani, ambalo pia mtu hulibeba akienda kuomba msamaha. Mstari wote ulikuwa umesogea ndani hatua sita, udongo bado mbichi. Alihesabu hatua hizo mbele yetu, sakafuni, kutoka kwenye kiti chake hadi karibu na mlango.

Hatufichi kwamba habari haikuishia sura ya 27. Katika sura ya 36 wakuu wa ukoo wanarudi kulalamika, na wasichana wanaambiwa waolewe ndani ya kabila la baba yao ili ardhi isihame. Nusu ya kikundi waliona huo ni ushindi uliokatwa mkia, nusu wakaona hata hivyo ardhi ilibaki yao. Mimi niko na nusu ya kwanza. Lakini anayesoma 27 peke yake anajidanganya.

Nasi hapa nchini tuna habari yetu. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya wa Muleba, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Jamaa yake akaenda mahakamani akisema mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ambayo mwanamume anayo inapingana na Katiba. Mwaka huo huo wa 1990 kanisa letu likaamua kwamba wanawake wanaweza kubarikiwa kuwa wachungaji. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaandika wazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Sheria zipo. Wanaokaa kwenye kikao cha ukoo baada ya matanga wengi hawajawahi kuzisoma, na wajane wengi pia hawajazisoma.

Kwa hiyo mnatoa msaada wa kisheria?

Hatutoi. Mwenye shauri tunamwelekeza KWIECO, shirika linalosaidia wanawake, hapa hapa Moshi, au Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, na kama anaogopa kwenda peke yake tunamsindikiza.

Nikisema mambo ya nyumbani kwangu, yatabaki humo?

Hilo ndilo sharti letu la kwanza, na lazima nikuambie ukweli: liliwahi kuvunjwa. Mwaka wa pili neno la mama mmoja lilitoka chumbani Alhamisi, Jumapili likawa limemfikia wifi yake. Yule mama hakurudi tena. Nilikwenda kwake mara tatu, alinikaribisha chai, akazungumza habari za kuku na mvua. Simlaumu. Tangu siku ile, kila kikao kabla ya maombi ya mwisho kila mmoja anasema kwa mdomo wake, "Nimeliacha hapa." Asiyeweza kulitamka tunamwomba apumzike.

Kuna jambo moja hatulinyamazii: mtu akiwa hatarini, au mtoto akiumizwa. Hapo tutakaa na wewe pembeni, na tutakusindikiza Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Hatutakwambia uvumilie ukiombea. Wapo waliovumilia, tumewazika.

Mume wangu hataki nije. Nifanyeje?

Kwanza jua anachokiogopa. Mara nyingi amesikia kwamba wanawake wanakwenda kusemana waume. Mwambie tunasoma nini, mwachie kitabu mezani. Mume wa mmoja wetu alikisoma kile kitabu usiku mkewe akiwa amelala, na Alhamisi iliyofuata mkewe akaja na maswali mawili ambayo si yake.

Ikiwa ni suala la chakula cha jioni au watoto, hilo linapangika. Ikiwa ni kupigwa, hilo si suala la kikundi tena. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Ina umri wa zaidi ya nusu karne, na bado kuna wanaoambiwa kwamba kipigo ni sehemu ya ndoa. Nitafute peke yangu.

Je, huu si ufeministi wa Wazungu? Mnafundisha wanawake wasitii?

Swali hili huletwa na Waefeso 5:22 mkononi, kwamba wake wawatii waume zao. Tunaufungua pamoja. Tunarudi mstari mmoja nyuma, 21, unaosema Wakristo wanyenyekeane wao kwa wao katika kicho cha Kristo. Katika nakala za kale zaidi za Kigiriki mstari wa 22 hauna hata kitenzi chake. Unaazima kile cha 21. Yaani huwezi kuusoma wa 22 peke yake, hausimami. Wanakili wa baadaye na watafsiri ndio waliouongezea mguu. Kisha tunaendelea mpaka wa 25, ambapo mume anaagizwa apende kama Kristo alivyojitoa, na hapo huwa kimya kinatanda.

Kuhusu Wazungu: mwaka 1989 wanawake wanateolojia wa Afrika walikutana Accra, Ghana, Mercy Amba Oduyoye akiwa mbele, wakaanzisha umoja wao wa kuandika teolojia kwa macho ya wanawake wa bara hili. Wanauliza habari ya mahari, ujane, unyago, utasa. Maswali hayo hayakuja kwa meli. Bibi zetu waliyauliza shambani, ila hakuna aliyeyaandika.

Mimi siamini kwamba mwanamke anayejua anachokisoma ni hatari kwa nyumba yake. Nimekaa na hawa wanawake miaka sita. Nimewaona wakirudi kusameheana na wakwe zao, nimewaona pia wakikataa kutia sahihi karatasi wasiyoielewa. Yote mawili yalitoka chumba kimoja.

Kuna tofauti gani na kichenpati?

Kichenpati ina somo wake na mafundisho yake, na wapo masomo wazuri sana. Lakini yule binti anafundishwa siku moja, akiwa amefunikwa khanga, hana ruhusa ya kujibu. Hapa anajibu.

Sijui kusoma vizuri, au macho hayaoni.

Njoo. Ndiyo sababu tunasoma kwa sauti. Bibi mmoja kikundini alijifunza kusoma miaka ya 1970 kwenye kisomo cha watu wazima, jioni baada ya kuchuma kahawa. Anasoma kwa kidole, neno moja moja, midomo ikitangulia sauti. Aya ambayo sisi tunaipita kwa dakika moja yeye anaichukulia tano, na hakuna anayemharakisha. Maneno ambayo sisi huyaruka yeye huyagusa yote. Ni yeye aliyesimama kwenye Luka 8:3 akauliza, "Kumbe hawa akina Yoana na Susana ndio waliokuwa wakitoa fedha?" Ndio hao. Yesu na wale kumi na wawili walihudumiwa kwa mali ya wanawake hao, na wengi wetu tulikuwa tumeusoma mstari ule maisha yetu yote.

Kwa macho, tuna Biblia mbili za maandishi makubwa na miwani ya kusomea ya akiba kwenye kabati.

Vitabu nanunua mwenyewe?

Si lazima. Kila mmoja anachanga shilingi elfu moja kwa kikao, mwenye nayo, na tunanunua nakala tano au sita kwa kila kitabu. Zinazunguka. Kitabu kinavikwa jalada la karatasi ya kaki, na unaruhusiwa kuandika pembeni kwa penseli, usitumie kalamu ya wino. Tunapenda kusoma penseli za waliotangulia. Vicoba hatuna, mikopo hatuna. Tuliamua hivyo mapema kwa sababu deni likiingia chumbani mtu huanza kupima maneno.

Watoto je?

Anayenyonya anakuja na mama yake. Wakubwa kidogo wanacheza uwanjani, na mabinti wa kipaimara wanapokezana kuwaangalia. Wasichana kuanzia kidato cha tatu tunawapokea ndani, mama akiridhia.

Na wanaume?

Mara moja kwa mwaka tunaalika yeyote anayetaka. Mwaka jana walikuja saba. Tuliwasomea Hesabu 27.

Najiungaje?

Njoo Alhamisi. Huhitaji kujaza fomu. Uje na miwani yako kama unayo, na kama una Biblia yoyote ile, ya toleo lolote, kuwa na matoleo tofauti kunatusaidia. Usihangaike na sare wala zawadi. Chai ipo, vitumbua vinaletwa na mwenye zamu.

Kuanzia katikati ya Desemba hadi baada ya mwaka mpya tunafunga, kwa sababu ndugu wamepanda kutoka Dar es Salaam na Arusha, nyumba zimejaa, na hakuna mwanamke Kilimanjaro mwenye nafasi ya kushika kitabu. Aprili, mvua ikiwa kubwa sana, uliza kwanza kabla hujatoka.

Ukichelewa usiogope kuingia. Lango la mbele mlinzi hulifunga saa kumi na nusu, zunguka upande wa jikoni, mlango wa kijani, usukume kwa bega maana unakwama.